Mengine walitunyima kwa haki, baiskeli walitunyima kwa uvumi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya Barua za Wasomaji nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kuwasifu wazazi wa zamani kwa kujua kuwanyima watoto. Alisema sisi tuliokua enzi za Mwalimu hatukupewa pipi kila tulipolilia wala hatukununuliwa midoli kila sikukuu, na ndiyo maana tumekuwa watu. Akamalizia kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo naikubali, na katika miaka yangu ya ualimu niliwatolea wazazi wengi. Lakini yeye amevisifu vyote tulivyonyimwa kwa pamoja, na mimi nakijua kimoja ambacho wazazi wetu hawakuwa na haki ya kutunyima, na ambacho wasichana wengi wananyimwa mpaka leo.

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, baba yangu akifanya kazi reli. Kwetu tulinyimwa hasa. Mama alikuwa hataki kusikia kwamba mtoto wake amekula njiani. Ukinunua embe bichi la chumvi na pilipili pale nje ya shule, ulimalize hapohapo, ufute mdomo vizuri, ndipo uanze safari ya nyumbani, maana barabara zote za Ngamiani, kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, zilikuwa na macho ya mama. Jirani akikuona unatafuna unatembea, habari inafika kabla yako. Ubuyu tulikula uliopikwa nyumbani tu. Kashata vilevile. Muuza barafu alipita jioni na sanduku lake nyuma, akipiga kengele, sisi tumejipanga barazani tunamtazama anavyowahudumia watoto wa nyumba ya pili.

Kwa barafu ile nilimwona mama mkatili. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kipindupindu kilipokuwa kikitajwa redioni na watu wakihimizwa kuchemsha maji, ndipo nilipojua alikuwa akikataa nini. Hakuna aliyejua maji ya barafu zile yalichotwa wapi. Miaka mingi baadaye, Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani, nilikuwa bado kazini, na kitu cha kwanza tulichokizuia pale shuleni ni vyakula vya wazi na barafu za getini. Watoto walinuna. Mimi nikamkumbuka mama nikamwombea dua.

Baba naye alikuwa na yake. Karata zisiingie ndani. Gololi za kulana, yaani ukishindwa unampa mwenzio gololi zako moja kwa moja, aliziita kamari, na akizikuta mfukoni mwa kaka zangu anazitupa chooni. Manati aliiondoa siku kaka yangu alipovunja chungu cha jirani, na hakuirudisha tena. Yote haya naona alikuwa sahihi. Angekuwa hai leo akaona zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zilizowekwa nje ya maduka ya mitaani, na watoto wenye sare za shule wamezizunguka ilhali sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza, angesimama pale dukani mpaka mwenye mashine aione haya. Msomaji mwenzangu akitaka tuungane kuwanyima watoto hayo, pamoja na vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo mtoto wa darasa la nne anavinunua kama maji, nipo naye.

Bibi yangu, mzaa baba, alitunyima mwanasesere. Hapa ndipo nilipoanza, nikiwa mdogo kabisa, kujiuliza. Mimi na binamu yangu tulishona mtoto wa kitambaa, tukamjaza pamba, nywele tukamwekea katani iliyookotwa kwenye magari yaliyotoka mashambani. Tulimchora macho na mdomo kwa kalamu ya wino. Bibi akasema sanamu haikai ndani ya nyumba inayosaliwa. Alichukua sindano, akakishonea kitambaa kingine juu ya uso, akaturudishia mtoto asiye na uso. Tulimcheza hivyohivyo. Nilipokuwa mkubwa nikisoma darsa za wanawake, nikasikia hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim kwamba Bi Aisha (R.A.) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na wenzake wakija kucheza naye. Najua wanazuoni wana maelezo yao juu ya picha na sanamu, na bibi yangu simlaumu. Alifanya alilofundishwa, na alitutafutia njia badala ya kututupia mtoto wetu jalalani. Nililolipata hapo ni kwamba katazo la mkubwa laweza kuwa na heshima zake zote na bado likahitaji kuulizwa limetoka wapi.

Sasa nije kwenye baiskeli.

Baba alinunua Phoenix miaka ile reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa na bidhaa za Kichina zimejaa madukani. Ilikuwa nyeusi, ina alama ya yule ndege wa dhahabu mbele, keria nyuma, na kengele iliyosikika mpaka barabara ya pili. Kila Alhamisi jioni ilisafishwa ili baba aende nayo msikitini Ijumaa ikiwa inang'aa, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliigeuza juu chini, kiti na usukani vikae kwenye gunia. Nilichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa nikafuta spoku moja baada ya nyingine, kuanzia kitovuni mwa gurudumu hadi kwenye rimu, nikiuzungusha polepole ili nisiruke hata moja. Mnyororo niliuondoa matope kwa mswaki wa zamani, kisha nikautilia mafuta ya cherehani ya mama, tone kwa kila ungo, huku mkono wa kushoto ukizungusha pedeli. Breki nilizijua. Pale ilipokuwa ikilia nilipajua, na niliweza kumwambia baba kwamba boliberingi zimeisha kabla fundi hajasema. Kaka zangu hawakujua lolote katika hayo. Lakini nikimaliza, nikaigeuza ikasimama kwa miguu yake, kaka yangu mdogo, niliyemzidi umri, ndiye aliyeichukua na kuipeleka mtaani "kuijaribu". Alikuwa hafiki kwenye kiti. Alipitisha mguu katikati ya fremu akaendesha amejipinda upande mmoja, na watu wakamshangilia.

Mimi nilisimama mlangoni na kitambaa cha mafuta ya taa mkononi.

Niliomba. Baba, ambaye kwa mambo mengine alikuwa akinieleza kila kitu mpaka jinsi taa za reli zinavyofanya kazi, kwa hili alijibu kwa maneno manne tu: "Mtoto wa kike, hapana." Mama alinivuta jikoni akaninong'oneza: "Utajiharibu, mwanangu." Sikuelewa nitajiharibuje. Nilidhani ni kuanguka na kupata kovu usoni. Miaka ilipita, nikaona harusi za dada zangu wakubwa, nikaona kungwi na mashangazi wanavyokaa nje ya chumba kusubiri shuka, ndipo nikaelewa baiskeli ilikuwa inahusishwa na nini.

Naandika wazi, Mhariri, kwa sababu jambo hili limeendelea kuishi kwa kunong'onwa. Hofu ya wazazi wetu ilikuwa kwamba kiti cha baiskeli kitamtoa msichana bikira. Nimewauliza wakunga na wauguzi wengi katika maisha yangu na majibu yao yamekuwa mamoja. Ule utando wa msichana haufanani kati ya mmoja na mwingine. Kuna wanaozaliwa nao ukiwa mdogo sana, kuna ambao unavutika tu na hauchaniki hata siku ya ndoa, na kuutazama hakumwambii mtu yeyote kama msichana amemjua mwanamume au hajamjua. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja la kutaka upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali, yakieleza kwamba hauna msingi wowote wa kitabibu. Ikiwa daktari mwenye taa na vifaa hawezi kujua, shangazi na shuka lake atajuaje? Kuna mabinti walioingia kwenye ndoa zao wakiwa wasafi wakatoka asubuhi na aibu isiyo yao. Na wengine, mimi nikiwamo, tulizuiwa utotoni kitu cha furaha na cha manufaa ili kulinda ushahidi ambao haukuwa ushahidi.

Na asije mtu akadhani uvumi huu ni wa pwani peke yake au wa dini yetu. Miaka ya 1890, wanawake wa Uingereza na Marekani walipoanza kupanda baiskeli kwa wingi, madaktari wa huko, watu wenye shahada zao, waliandika kwamba baiskeli itawaharibu nyuso, mishipa na viungo vya uzazi. Wanawake wakapanda, wakazaa, maneno yakaisha yenyewe. Saudi Arabia iliwaruhusu wanawake kupanda baiskeli kwenye bustani na sehemu za mapumziko mwaka 2013, kwa masharti ya mavazi na ya kuwa na maharimu wao, yaani ndugu zao wa kiume. Hata huko mlango ulifunguliwa.

Kunyimwa huku kulikuwa na gharama zake. Kaka zangu waliijua Tanga yote wakiwa na umri wa miaka kumi. Walikwenda Raskazone kuogelea, walikwenda Mwambani, walikodi baiskeli kwa fundi sikukuu ya Idi wakazunguka Tangamano mpaka fedha ziishe. Mimi niliijua njia ya shule, ya chuo cha Kurani na ya sokoni. Nilipomaliza ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980 nikapangiwa shule moja ya msingi wilayani Handeni, nilikuta baiskeli ya shule, na mwalimu wa zamu ndiye aliyekwenda nayo makao makuu ya tarafa kuchukua chaki, barua na habari za mishahara. Zamu yangu ilipofika, nilikwenda kwa miguu. Baiskeli nzima imeegemezwa ukutani, naipita, naianza njia ya vumbi.

Aliyenitoa huko alikuwa mkunga wa zahanati ya kijiji, mama wa makamo aliyepanda baiskeli akiwa amejifunga khanga mbili na mkoba wa vifaa kwenye keria, usiku na mchana, kuwafuata wazazi majumbani. Alinipeleka uwanja wa mpira jua linapozama, watoto wakiwa wamekwenda kuchota maji, akanishikia nyuma ya kiti. Nilimweleza aliyoniambia mama. Akanijibu: "Mwalimu, mimi nimepanda tangu kigori. Nimeolewa kwa heshima, nimezaa, na nimezalisha nusu ya kijiji hiki. Kanyaga pedeli, usiangalie chini." Nikakanyaga. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara, na furaha niliyoipata pale uwanjani ilikuwa ya mtoto wa miaka minane aliyecheleweshewa.

Kama mambo haya yangebaki kuwa ya zamani, nisingemsumbua Mhariri. Lakini nilijiendeleza kimasomo, nikahamia sekondari, na miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia kwenye shule moja ya kata wilayani Muheza. Hapo nilikuta hofu ileile ya baba yangu, kwa maneno yaleyale.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, binti mwenye akili ya hesabu ya kupendeza. Alitembea kilomita saba kuja na saba kurudi. Alifika kipindi cha kwanza kimekwisha, viatu mkononi, na kipindi cha mwisho alikuwa akisinzia. Nikaenda kwao siku ya Jumamosi. Baba yake ni mkulima wa machungwa, mtu mwema, akanikaribisha vizuri, akaagiza niletewe machungwa yaliyomenywa. Ukutani kwake palikuwa na baiskeli mbili. Moja ya kubebea matenga, nyingine ya kaka yake binti, kijana aliyekwishamaliza darasa la saba na alikuwa hana safari ya lazima.

Nikamwambia, "Baba, huyu binti akipewa ile baiskeli moja atafika mapema, na jioni atarudi jua lingalipo."

Akasema, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini ni mtoto wa kike yule. Kesho akiolewa wakasema si mzima, lawama ni yangu mimi niliyemruhusu. Wewe utakuwa umeshahamishwa."

Nikaanza kumweleza ya wakunga na ya madaktari. Alinisikiliza kwa adabu, macho yake yako kwenye mkeka, nami nikaona hayamwingii. Aliyesema neno likaingia ni mama yake mzazi, bibi mzee aliyekuwa barazani anapepeta mchele. Hakuacha hata kupepeta. "Mwanangu," alisema, "mbona kwenye michungwa unampandisha? Kila msimu unamtuma juu mwenyewe, anakaa mapanda ya mti anachuma kutwa nzima. Huko haharibiki?"

Yule baba alicheka mpaka akafuta macho, na hakutoa jibu. Siku ile baiskeli haikutoka ukutani. Muhula uliofuata binti alikuja nayo, ameipaki chini ya mwembe, na mpaka anamaliza kidato cha nne sikuwahi tena kumwandika mchelewaji.

Nimesimulia la huyo kwa sababu lilikwisha vizuri. La mwenzake wa darasa hilohilo halikwisha hivyo. Naye alitoka mbali, naye kwao kulikuwa na baiskeli, naye alikatazwa kwa sababu ileile. Kijana wa bodaboda akaanza kumpa lifti asubuhi. Mwanzo bila malipo. Kisha chipsi. Kisha simu. Wazazi waliokuwa wakilinda usichana wa mtoto wao dhidi ya kiti cha baiskeli walikuwa wakimwona anashushwa pale njia panda na mwanamume mzima, na wakashukuru kwamba siku hizi hachoki. Kabla ya mtihani wa mwisho alikuwa mjamzito. Sheria ya Elimu, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Kijana alikimbia, na mpaka nastaafu alikuwa hajaonekana. Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi shuleni, nilimtafuta yule binti. Alikuwa ameshahama na mtoto wake kwenda kwa ndugu.

Sisemi baiskeli ingemwokoa kwa hakika. Mambo ya watoto wetu yana sababu nyingi. Nasema kwamba msichana mwenye usafiri wake mwenyewe hana deni kwa dereva yeyote, na mzazi anayemnyima baiskeli kisha akafumba macho kwa lifti amechagua hatari iliyo kubwa akaikimbia ambayo haipo.

Kuna hofu nyingine za wazazi ambazo naziheshimu kabisa. Barabara zetu kuu hazina njia ya baiskeli, na malori yanapita yakikusukuma kwa upepo tu. Mzazi akisema mtoto hapiti barabara ya lami mpaka awe mkubwa, msimlaumu. Kuna vijana wanaowazomea wasichana. Hao ni wa kushughulikiwa na serikali ya kijiji, siyo sababu ya kumfungia binti ndani. Na kuna suala la mavazi, ambalo mara nyingi ndilo linalosemwa mbele za watu ili lile lingine lisitajwe. Kwa hilo pana ufumbuzi wa zamani sana: baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, ambayo mtu huipanda amevaa sketi ya shule, gauni refu au baibui bila kulazimika kurusha mguu. Weka kikinga mnyororo na wavu pembeni ya gurudumu la nyuma, nguo haishikwi. Njoo Tanga mjini asubuhi uone. Wanawake watu wazima wenye baibui zao wanakwenda sokoni na vikapu kwenye usukani, wengine wamepakia mtoto nyuma, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Wengi wao ni rika la wadogo zangu na la wanangu. Waliolewa. Wanaheshimiwa. Basi kama mjini jambo hili limekubalika mbele ya macho yetu, kwa nini safari ya saa moja tu kutoka hapo bado binti anaambiwa ataharibika?

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika barani Afrika. Mjukuu wangu wa kike alinionyesha kwenye simu, wanawake wakipanda vile vilima vya Rwanda, mitaa imejaa watu wanaowashangilia, na miongoni mwao mabinti wa Rwanda na Ethiopia, wenzetu wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Kim Le Court wa Mauritius alikuwa ameshavaa jezi ya njano ya uongozi katika Tour de France ya wanawake. Mjukuu aliniuliza Tanzania wako wapi. Nilimwambia ukweli: wengi wao wako nyumbani wanafuta spoku za baiskeli ambazo watapanda kaka zao.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa wakuu wa shule wenzangu waliobaki kazini: likizo zinapokaribia na wazazi wamekuja kuchukua matokeo, zungumzeni nao juu ya jambo hili kwa majina yake, na mualike muuguzi wa zahanati aseme, maana sisi walimu tukisema tunaonekana tunatetea mahudhurio. Tengeni kivuli cha kuegeshea baiskeli kinachoonekana kutoka ofisini, ili zisiibwe vifaa, kwa kuwa baiskeli ikiibwa tairi mara moja mzazi hairudishi tena. Na jioni za Ijumaa wapeni wasichana uwanja kabla ya wavulana hawajaingia na mpira wao, wajifunze bila kuchekwa. Mwalimu mmoja wa kike wa kuwashikia kiti anatosha.

Kwa masheikh na wachungaji: mnasikilizwa kuliko sisi. Mkikemea uvumi huu mimbarini na madhabahuni mara moja, mtakuwa mmefanya kazi ambayo mimi nimeifanya nyumba kwa nyumba.

Kwa akina baba: ukiona binti yako anaosha baiskeli vizuri kuliko kaka zake, anajua pumzi za tairi na anakuambia mnyororo umelegea, usimjibu kama nilivyojibiwa. Mpeleke uwanjani. Shusha kiti mpaka miguu yake yote miwili iguse chini, muondolee pedeli kwanza ajisukume kwa miguu ajue mizani, kisha uzirudishe. Siku mbili tatu zinatosha.

Na kwa msomaji aliyeandika barua ile ya kuwasifu wazazi wetu, nakuomba kwa heshima uniambie kupitia safu hiihii: dada zako walipanda? Kama hawakupanda, waulize waliambiwa nini, uandike majibu yao. Nitayasubiri.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga